Mtu Mweusi katika Ngao ya Coburg

Miji mingi ya Ulaya ina ngao yake, nayo huchorwa simba, au ngome, au mganda wa ngano, ili wageni wapate kujua nguvu na mali ya wenyeji. Lakini Coburg, mji mdogo wa Bavaria katika nchi ya Ujerumani, wenye watu wapatao 40,000, una ngao ya dhahabu ambayo ndani yake hamna kitu ila kichwa cha mtu mweusi, mwenye hereni sikioni. Huo ndio mji wa ukoo wa Albert, mume wa Malkia Victoria, ambaye ziwa letu kubwa lina jina lake.

Mtu huyo ni Mtakatifu Mauritius, msimamizi wa mji. Mapokeo ya Kikristo yasema ya kuwa alikuwa jemadari wa kikosi cha Warumi kilichotoka Thebe katika Misri. Karibu na mwisho wa karne ya tatu, Kaisari Maximian aliwaamuru askari hao kuitolea miungu sadaka na kuwatesa Wakristo. Walikataa, wakauawa pamoja na jemadari wao, mahali ambapo leo ni Uswisi. Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walimfanya mweupe kama wao. Hata katikati ya karne ya 13 fundi mmoja katika mji wa Magdeburg akamchonga mwenye uso wa Kiafrika hasa, amevaa deraya, mtu mzima mwenye heshima zake. Sanamu hiyo ingali katika kanisa kuu la mji huo.

Sasa, mwaka 1929 Coburg ulikuwa mji wa kwanza katika Ujerumani ambao baraza lake lilishikwa na chama cha Hitler kwa wingi wa viti. Wenye imani ile wangewezaje kuvumilia Mwafrika awe alama yao? Mwaka 1934 walimwondoa, wakaweka upanga wenye swastika katika mpini. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Mauritius akarudishwa.

Mwaka 2020 ulizuka ubishi mwingine. Watu walitia sahihi kutaka kichwa kiondolewe, wakisema midomo ile minene na hereni ile ni dhihaka. Wengine wakatia sahihi kibaki, kwa kuwa ni heshima ya mtakatifu. Mimi naona ya kuwa kumwondoa ni kurudia kazi ya mwaka 1934, ijapokuwa kwa nia njema. Walakini mchoro wenyewe ni mbaya. Jemadari aliyemkatalia Kaisari, hereni ya nini? Fundi wa Magdeburg alikwisha kuonyesha jinsi ya kumchora. Tena kichwa hicho kimetiwa hata katika vifuniko vya chuma vya mashimo ya barabarani, na wapitao humkanyaga kila siku. Hapo ndipo ningeanza kumtoa.