Mpango wa Mungu Usiwe Kichaka cha Wazembe

Katika mazishi ya Wakristo wa Afrika Mashariki maneno matatu ni nadra kukosekana. La kwanza, kazi ya Mungu haina makosa. La pili, waliobaki walimpenda marehemu, lakini Mungu amempenda zaidi. La tatu, ambalo hufunga vinywa vyote, yaliyotokea ni mpango wa Mungu. Mzee wa miaka 90 aliyefariki kitandani pake, wajukuu wakiwa wamemzunguka, huzikwa kwa maneno hayo. Mtoto aliyezama kwa sababu chombo kilipakiwa kupita kiasi, naye huzikwa kwa maneno hayo hayo. Neno linaloenea kila kaburi halina budi kuulizwa maana yake.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Hesabu hiyo haihitaji nabii wa kuifasiri. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika ziwa hilo hilo, si mbali na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Ikiwa msiba wa kwanza ulikuwa mpango wa Mungu, hapakuwa na la kujifunza. Na pasipo la kujifunza, msiba wa pili hungoja abiria wake tu.

Kosa la usemi huu si la ulimi peke yake; ni kosa la imani. Katika mafundisho ya Kikristo mpango wa Mungu una shabaha inayojulikana, nayo ni kumkomboa mwanadamu. Mtume Paulo, alipoandika habari zake kwa Kiyunani, alitumia neno oikonomia, ambalo asili yake ni uangalizi wa nyumba: kazi ya mtunzaji anayehakikisha kwamba kila aliye chini ya dari anapata chakula chake kwa wakati wake. Irenaeus, askofu wa Lyon katika karne ya pili, alifundisha kwamba kilichoharibika kwa Adamu hukusanywa na kutengenezwa upya katika Kristo. Ndani ya mpango huo mauti hayakuitwa mjumbe wa Mungu. Paulo aliyaita adui, na adui wa mwisho kubatilishwa.

Kiswahili chenyewe ni shahidi. Hukombolewa mateka, hukombolewa rehani. Katika yote mawili akomboaye ni mmoja, na ashikiliaye ni mwingine. Baba hamtumbukizi mwanawe kisimani apate kusifiwa kwa kumwopoa. Basi anayesema kwamba Mungu ndiye aliyepanga watu wafe kwa uzembe amemfanya Mkombozi kuwa mtekaji, na hapo ukombozi umebaki jina lisilo na mtu.

Watetezi wa usemi huu watajibu kwamba Maandiko yenyewe yanasema kifo cha Kristo kilikusudiwa na Mungu. Ni kweli, na jibu hilo ndilo linalowashinda. Siku ya Pentekoste Petro alisema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililowekwa tangu mbele, na kwamba waliokuwa wakimsikiliza ndio waliomwua. La kwanza halikufuta la pili. Wasikilizaji walichomwa mioyo, wakauliza wafanye nini, wakaambiwa watubu. Na siku hiyo watu wapatao 3,000 wakaongezeka. Kama Petro angaliwaambia kwamba ulikuwa mpango wa Mungu, basi waende kwa amani, pasingalikuwa na toba siku ile. Ikiwa msalabani, penye mpango ulio dhahiri kuliko pote, mwenye hatia hakupewa udhuru, ataupataje mwenye kuhesabu nauli bila kuhesabu vichwa?

Hata Calvin, ambaye hakuna aliyemzidi kwa kuutetea utawala wa Mungu juu ya mambo yote, alikataa katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1559 kwamba utawala huo humwondolea mtu lawama au wajibu wa kujihadhari. Kwake yeye, Mungu aliyeweka mpaka wa maisha ndiye pia aliyempa mtu akili ya kuyalinda.

Husemwa tena kwamba mfiwa anahitaji faraja, si hoja. Naam, anahitaji faraja. Lakini faraja ya uongo ni deni, na riba yake hulipwa na mfiwa wa kesho. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kunena neno, kama wafanyavyo watu wa matanga walio na adabu, na katika siku hizo saba hawakukosea. Walikosea walipofungua vinywa kumpangia Mungu sababu, na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakemea. Yesu naye, penye kaburi la Lazaro, hakuhubiri kwamba kifo kile kilikuwa chema. Alilia.

Mhubiri asimamaye kando ya kaburi ana maneno mawili ya kweli. Kwa mfiwa aseme kwamba mauti ni adui, na kwamba adui huyo atashindwa. Kwa mwenye chombo, mwenye barabara na mwenye dawa aseme kwamba uzembe uuao ni dhambi, na kwamba dhambi hutubiwa, haitungiwi utenzi. Akilisema la kwanza na kulificha la pili, amewafariji walio hai kwa gharama ya wale watakaozikwa baadaye. Mpango wa ukombozi uliwekwa ili wafungwa wafunguliwe. Haukuwekwa uwe kichaka cha waliowafunga.