Kiungo au "milieu"?

Wenzangu wa kitivo, tunasimulia mpira kwa Kiswahili vizuri, lakini tukifika katikati ya uwanja tunarukia Kifaransa: "milieu". Neno hilo linataja mahali tu. "Kiungo" linataja kazi: kinachounga mfupa na mfupa, na hata kinachokoleza mchuzi.

Mtazameni Mmarekani Michael Bradley, aliyestaafu mwaka 2023. Mechi 151 za timu ya taifa, mabao 17. Kwa mabao hayo utamwona mtu wa kawaida. Lakini yeye alipokea mpira kwa mabeki akaufikisha kwa washambuliaji, na hilo halina hesabu ubaoni. Alicheza Uholanzi, Ujerumani, Uingereza na Italia. Huko Roma aliwajibu waandishi kwa Kiitaliano. (Sisi tunaosomea lugha, wangapi tungethubutu?)

Wapo watakaosema "milieu" limeshazoeleka. Sawa. Lakini Oktoba 2017, Bradley akiwa nahodha, Marekani ilifungwa 2-1 na Trinidad na Tobago, ikakosa Kombe la Dunia. Siku ile kilichokatika ni nini: milieu, au kiungo?