Saa ya peke yako haitoshi

Mwandishi, katika makala yako umeisisitiza mno saa ya sala ya faragha. Huku Karagwe na Kyerwa, wazee wa Uamsho wa Kikristo, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi Kagera, walishikana kwa ushirika: kukutana, kutubu waziwazi, kurudisha cha mtu. Ukikosekana, mwenzako anakuja kupiga hodi. Ndiyo, toba ya hadharani ilizaa pia umbea, na wengine wakajiona watakatifu kuliko mchungaji. Ila msimu wa kahawa, mwili umechoka, kengele ya simu ya kukuamsha usali utaizima tu. Ndugu aliyekwishaketi sebuleni na Biblia yake utamfanyaje? Anzeni nyumba mbili jirani, zaburi moja, kabla ya kwenda shamba. Vijana wa bodaboda wakutane kijiweni.