Simu Haijui Stempu, Inajua Kukufurahisha Tu

Leo naweka kando habari za seva na misimbo. Nina hasira, na kwa kuwa ukurasa huu ni wangu nitaimwaga hapa hapa.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Lwakhakha, pale mtoni ambapo Bungoma inaishia na Uganda inaanza. Nilipoingia kwa mama nilikuta mkebe wake wa biskuti uko wazi mezani. Mtoto wa ndugu yangu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa na mkasi mkono mmoja na simu mkono wa pili. "Baba mdogo, tumeomoka!" akaniambia. Kwenye kioo cha simu ilikuwepo picha ya stempu nyekundu ya Marekani ya senti 2, kichwa cha Washington, na chini yake maandishi: adimu, dola 1,400.

Programu hiyo sitaitaja jina. Zipo nyingi na zote ni dada. Unapiga picha, kiduara kinazunguka kidogo, unapewa jina, mwaka na bei. Siku tatu bure, halafu shilingi 450 kwa wiki.

Nikamwambia hebu piga tena. Tukatoka nje kwenye jua, stempu ile ile, simu ile ile. Safari hii ikasema: ya kawaida, senti 20 za dola. Kijana akanyamaza. Mimi nikaangalia mkebe, na hapo ndipo hasira ilipoanza.

Mkebe ule una mambo mawili. Chini kabisa kuna stempu chache za kuka, aliyejifunza useremala Kaimosi kwa wamisionari wa Kimarekani wa Friends, wale wanaoitwa Quaker, waliofika huko mwaka 1902. Nyekundu ile ilitoka kwao. Juu yake ni barua za khocha, kaka yake mama. Khocha alikwenda kusoma Marekani kwa zile safari za ndege alizozipigania Tom Mboya. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, na hadi mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Khocha aliondoka mwaka 1960, akawa anaandika nyumbani. Lakini alikuwa na tabia moja: hakuandika tarehe. Juu ya kila barua utakuta "Jumapili jioni" basi. Tarehe ilikuwa kwenye mhuri wa posta, juu ya bahasha.

Bahasha 22 zilikuwa zimekatwa. Stempu zimewekwa kwenye sahani ya maji zibanduke, kama programu ilivyoelekeza. Mabaki ya bahasha yaliwashia moto wa chai. Stempu tunazo, barua tunazo. Uzi uliozifunga pamoja umeteketea jikoni.

Kijana simlaumu. Alifanya alichoambiwa na chombo kinachoongea kwa sauti ya mtu anayejua. Ninaowalaumu ni wenzangu, watengenezaji wa programu. Sisi ndio tuliojenga chombo kisichojua kusema "sijui".

Sasa tuje kwenye ufundi, maana sitaki mtu aseme nalalama tu. Stempu ya zamani ya Marekani haitambuliwi kwa sura. Hutambuliwa kwa kupimwa. Vile vichwa vya Washington na Franklin vilichapishwa tangu mwaka 1908 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, picha zikifanana kabisa kwa macho. Kinachozitenganisha ni vitu vitatu vikubwa.

Kwanza, vitundu vya ukingoni. Huhesabiwa ni vingapi katika sentimita 2. Mwanzo vilikuwa 12, halafu 10 kuanzia 1914, halafu 11 kuanzia 1917. Pili, alama ya maji ndani ya karatasi, herufi USPS. Hadi mwaka 1910 zilikuwa za mistari miwili, kisha mstari mmoja, na tangu 1916 hakuna kitu. Alama hiyo huonekana kwa kuigeuza stempu kifudifudi kwenye sinia jeusi na kuidondoshea kimiminika maalumu. Tatu, aina ya mtambo. Bamba bapa hutoa picha ya kipimo chake, lakini bamba lililokunjwa kuzunguka silinda huivuta picha, ikawa ndefu au pana zaidi kwa karibu nusu milimita.

Hebu niambieni, picha ya simu iliyopigwa upande, bila rula, upande wa mbele tu, itaonaje mambo hayo? Alama ya maji iko nyuma na ndani ya karatasi. Haimo kwenye picha. Hata ukiilisha akili bandia picha bilioni moja, haiwezi kusoma kitu ambacho hakikupigwa picha. Inachofanya ni kubahatisha, halafu inaficha bahati nasibu hiyo nyuma ya tarakimu safi yenye alama ya dola.

Mtanijibu kwamba kamera zinaboreka kila mwaka. Sawa. Basi chukueni stempu za khocha mwenyewe. Stempu ya ndege ya senti 15 yenye Sanamu ya Uhuru ilitoka Novemba 1959, ikachorwa upya Januari 1961. Tofauti yake ni kwamba ile ya pili ina mwanya mweupe kati ya sehemu mbili za mchoro. Hiyo kweli kamera inaweza kuiona. Programu ya kijana wetu iliziita zote mbili kitu kimoja! Tena stempu ya senti 25 yenye Lincoln, ambayo ndiyo ilikuwa nauli ya barua nyepesi ya ndege kuja Afrika, ilitoka 1960. Mwaka 1966 ikatolewa tena ikiwa imepakwa dawa inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi. Kwa mwanga wa kawaida ni pacha. Na msikimbilie taa za wale wanaobadilisha shilingi za Uganda pale mpakani: hizo kwa kawaida ni za mawimbi marefu, hazitakuonyesha kitu.

Nawapa kinaya kingine. Dawa hiyo ilianza kujaribiwa Dayton, Ohio, Agosti 1963, ili mashine ya posta ijue stempu iko wapi kwenye bahasha. Mashine ile ilipima kitu kimoja, mng'ao, ikafanya kazi yake. Miaka sitini baadaye tuna mashine inayojifanya kujua kila kitu na haipimi hata kimoja.

Mwingine atasema: wewe, hizo ni stempu tu, hakuna aliyekufa. Ndugu yangu, stempu nyingi za aina hii hazifiki hata bei ya andazi, na hiyo ndiyo hoja yangu. Mtu hachomi bahasha kwa ajili ya senti 20. Anazichoma kwa sababu ameahidiwa dola 1,400. Bei ya uongo ndiyo iliyoshika mkasi.

Je, hata wa kweli wapo? Wapo. Stempu ya Franklin ya senti 1 ya mwaka 1868 inayoitwa Z Grill zinajulikana mbili tu, na moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4 mwaka 2024. Lakini hakuna aliyeitambua kwa sura. Hutambuliwa kwa vialama vidogo vilivyogandamizwa kwenye karatasi, vikapimwa. Ni vipimo tena.

Tungeweza kufanya vizuri, na si kazi ngumu. Skana ya kawaida ya saiba pale Chwele ikiwekwa nukta 600 kwa inchi, sentimita 2 ni nukta 472. Vitundu 10 vitaachana kwa nukta 47, vitundu 11 kwa nukta 43. Programu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza inaweza kutofautisha. Programu ya haki ingeanza hivi: usikate, usiloweshe, piga picha bahasha nzima. Halafu: weka rula. Halafu: geuza nyuma, unaona nini? Mwisho ikupe majina manne yanayowezekana na iseme kipimo gani kinakosekana. Bei iwe ya mwisho kabisa, au isiwepo.

Kwa nini haziandikwi hivyo? Kwa sababu "sijui, lete rula" haiuzi shilingi 450 kwa wiki.

Bahasha tisa zilipona. Kijana na mimi tumezipitisha kwenye skana, nzima nzima, pamoja na barua zake. Nne kati yake tumeshazipanga kwa tarehe. Zile nyingine 22, mama anajaribu kuzikumbuka. Ana miaka 82. Anashika barua, anasoma "Jumapili jioni", anasema: hii nadhani ilikuja wakati wa mavuno.

Angalau yeye anasema "nadhani".