Kaditama Si Mali ya Mwajiri

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwajiriwa katika ofisi moja ya Mombasa, niliagizwa kutunga shairi la hafla ya mwaka. Nililitunga saa za kazi, beti 8 za tarbia, na katika kaditama nikatia jina langu kama walivyonifunza wakongwe. Kijitabu cha hafla kilipochapwa, nilizikuta beti 7. Nilipouliza, nilijibiwa: "Shairi ni letu. Wewe tulikulipa mshahara."

Niliondoka na ghadhabu. Baadaye nilipoisoma sheria, nilikiri kwamba nusu ya jibu lile ilikuwa kweli. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinaeleza kuwa hakimiliki huanzia kwa mtunzi, lakini kazi iliyotungwa katika kutekeleza ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Sioni dhuluma hapo. Aliyeajiriwa ili atunge amekwisha kuuza mavuno ya kalamu yake kwa ujira, na mnunuzi ana haki ya kuyachapa na kuyauza.

Nusu ya pili ndiyo niipingayo. Kifungu cha 32 kinamwachia mtunzi, hata baada ya hakimiliki kuhama, haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isikatwe kwa namna inayomvunjia heshima. Mshahara hununua shairi, haununui utunzi.

Wahenga wetu wa pwani walilijua hili kabla ya bunge lolote kuketi. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alimtungia sultani wa Pate Utendi wa Tambuka. Usultani ule umekwisha, ila jina la Mwengo tungali nalo.

Basi, enyi watunzi mlioajiriwa redioni, magazetini na katika ofisi za matangazo, nawasihi mambo mawili. Kabla ya kutia saini mkataba, ombeni iandikwe wazi kwamba tungo mtungazo nyumbani, nje ya majukumu yenu, ni zenu. Na mtungapo kwa agizo, litieni jina ndani ya vina na mizani, wala msikubali lifutwe.

Mimi shairi lile sikulidai. Niliomba ubeti mmoja urudishwe mahali pake, na hadi leo ningali naomba.