TOVUTI YA KWANZA IANDIKWE KWA MKONO

Tangu nilipomaliza shule kazi yangu ni kutengeneza tovuti hapa Kampala, na kila likizo wanafunzi wa shule yetu hunijia na swali lile lile: "Kaka, tuanze na chombo gani?" Mmoja amesikia habari za Wix, wa pili WordPress, wa tatu ameonyeshwa tangazo la kozi ya shilingi laki kadhaa. Nimeona afadhali niwajibu wote pamoja. Nanyi wenzangu mliokwisha pita katika shule hii sikilizeni, maana baadhi yenu ndio mnaoombwa kulipa hizo kozi.

Jibu langu ni hili. Mwenye kuanza asianze na chombo cho chote cha kumjengea. Aandike ukurasa wake wa kwanza kwa mkono wake, kwa lugha ya HTML, kisha aupambe kwa CSS. Chombo atakichagua baadaye, akiisha kujua ni nini anachokichagua.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, "Huyu atutaka tupike kwa kuni hali gesi iko." Watasema kwamba kwa Wix mtu avuta picha huku na kusukuma maneno kule, na jioni ile ile ana tovuti ya kupendeza, tena kwamba mteja hamwulizi fundi kama aliandika kwa mkono, bali amwuliza kazi itakwisha lini. Maneno hayo yana ukweli, wala siyadharau. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, yaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani, na mimi mwenyewe huitumia kwa kazi za wateja. Lakini fundi atumie nini ni jambo moja, na mwanafunzi aanze na nini ni jambo jingine.

Kwanza tuondoe hofu. HTML si hesabu ngumu. Ni alama za kuiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alitoa shauri lake mwaka 1989, na katika maelezo ya mwanzo ya lugha hiyo alama zilikuwa 18 tu. Aprili 1993 CERN iliutoa uvumbuzi huo kwa watu wote bila malipo, kwa hiyo hakuna mwenye HTML awezaye kukudai ada. Siku hizi alama zapita 100, lakini anayeanza aweza kufanya kazi ya kutosha kwa kumi hivi: h1 ni kichwa kikubwa, p ni aya, a ni kiungo cha kwendea ukurasa mwingine, img ni picha, ul ni orodha, na li ni kila jambo lililomo ndani yake. CSS, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa Desemba 1996, ndiyo huuvika ukurasa nguo: rangi, ukubwa wa herufi, na nafasi kati ya mistari.

Vifaa vyake pia ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Notepad huja pamoja na Windows. Waandika, wahifadhi faili kwa jina lenye mwisho wa .html, waifungua katika kivinjari kama Firefox au Chrome, nawe waiona kazi yako. Intaneti haihitajiki. Kwa shule ambayo mtandao wake huja na kupotea, hiyo ni faida kubwa; chombo cha mtandaoni hufa pamoja na mtandao, bali Notepad yaendelea maadamu kompyuta ina umeme. Tena, mtandao ukiwapo na ukataka kuona wengine walivyofanya, fungua ukurasa ukabonyeze Ctrl pamoja na U, utaona maandishi yaliyoujenga. Ni mafundi wachache mjini wanaoacha mlango wa karakana wazi namna hiyo.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza. Sababu ya kwanza ni kwamba asiyejua kilicho ndani hawezi kukisahihisha. Chukueni jambo dogo. Juu kabisa, katika alama ya html, huandikwa lugha ya ukurasa kwa neno lang. Kiingereza ni en, Kiganda ni lg, Kiswahili ni sw. Violezo vingi vilivyo tayari huja na en. Mtu akivijaza maneno ya Kiswahili pasipo kubadili hapo, macho hayataona kosa lo lote. Lakini kipofu anayesomewa na programu ya sauti aweza kusikia Kiswahili kikitamkwa kwa sauti ya Kiingereza, asielewe neno. Kadhalika img ina mahali paitwapo alt, pa kuandika maelezo ya picha kwa ajili ya asiyeiona. Aliyejifunza kwa mkono hukutana na mambo haya wiki ya kwanza. Aliyeanza kwa kuvuta picha aweza kufanya kazi miaka mitatu asijue kwamba yapo.

Sababu ya pili ni mali. Mwaka 1994 ilianza huko Marekani huduma ya GeoCities, ambako watu waliweza kupata ukurasa wao bure. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaifunga. Mwenye kuweka faili zake nyumbani aliweza kuzipeleka kwingine. Asiyekuwa nazo, shauri yake. Kampuni ya Adobe nayo ilikuwa na Muse, programu ya kujenga tovuti bila kuandika. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba itaiacha, na Machi 2020 ikakoma kuihudumia. Waliojifunza Muse peke yake walibaki na ujuzi wa chombo kisicho na mwenyewe, hali ukurasa wa HTML ulioandikwa miaka ya 1990 wafunguka hata leo.

Wala jambo hili si la ng'ambo tu. Nakijua chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilichojengewa tovuti kwa chombo cha kulipiwa kila mwaka. Kijana aliyeijenga alihamia mji mwingine, ada haikulipwa, na siku moja picha, bei na anwani za wanunuzi zikatoweka. Wazee wa chama walipouliza faili ziko wapi, hapakuwa na faili. Walikuwa wamelipa fedha zao za kahawa kwa kitu ambacho hawakukimiliki hata siku moja, na kijana wala hakuwa mwizi. Hakujua tu tofauti.

Sababu ya tatu ni uzito. Kwetu bando ni ghali, na mwaka 2021 Serikali iliweka kodi ya asilimia 12 juu yake. Ukurasa wa maneno ulioandikwa kwa mkono waweza kuwa na kilobaiti 10. Kurasa nyingi za siku hizi hupita megabaiti 2, yaani uzito wa kurasa 200 za namna ile. Mama mwenye simu ndogo huko Kisoro, anayetaka kujua tu karo ya muhula, ndiye anayeilipia mizigo ambayo hakuiomba.

Basi utaratibu ninaoushauri ni huu. Katika likizo ndefu baada ya mtihani wa kidato cha nne, tumieni mwezi mmoja kwa HTML na CSS. Msilipe kozi kwanza. Mafunzo ya MDN, W3Schools na freeCodeCamp yasomwa bure. Jengeni kitu cha kweli: ukurasa wa duka la mjomba, au wa kwaya, au wa timu ya mpira. Jifunzeni mapema ule mstari wa viewport unaoufanya ukurasa utoshe katika simu, kwani wasomaji wetu wengi hutumia simu. Kisha uwekeni hewani kwa GitHub Pages, ambayo haitozi kitu kwa kazi iliyo wazi kwa watu wote.

Baada ya hapo, chagueni chombo, tena bila aibu. Lakini kabla ya kukichagua kiulizeni maswali matatu. Je, naweza kuitoa kazi yangu yote na kuipeleka kwingine? Nikiacha kulipa, itakuwaje? Na jina la tovuti limeandikishwa kwa nani: kwa mteja, kwangu, au kwa kampuni? WordPress ile ya kupakua bure waweza kuihamisha kutoka seva moja mpaka nyingine. Tovuti ya Wix hukaa katika seva za Wix, wala huwezi kuihamisha nzima. Huenda mteja wako akaridhika na hilo, lakini yapasa aambiwe kabla ya kutoa fedha. Na hizi programu za akili bandia ziandikazo ukurasa mzima kwa dakika moja, zitumieni mkiisha kuweza kusoma kilichoandikwa. Vinginevyo mtatia sahihi barua msiyoielewa.

Kwenu wanafunzi wa zamani nina ombi moja. Mdogo wako akikuomba laki tatu za kozi yenye matangazo mengi, kumbuka kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwambie kwanza akuonyeshe ukurasa mmoja alioandika mwenyewe. Akikuonyesha, fedha zile mnunulie kompyuta iliyotumika, hata kama ni ya zamani, Notepad haichagui.

Nanyi wa Klabu ya Kompyuta, muhula ujao andikeni kurasa za gazeti hili hili kwa HTML, makala moja kila mwanafunzi, na katika makala za Kiswahili msisahau kuandika sw pale juu.