Mficha Uchi Hazai
Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa kisonono methali hiyo ni kweli tupu. Ugonjwa huu hauletwi na choo wala nguo ya kuazima. Huenea kwa kujamiiana, na mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, hata mtoto akapofuka. Wanawake wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote. Kwa hiyo mume anayejitibu kwa siri huweza kuambukizwa upya nyumbani mwake, na mkewe, asiyeambiwa kitu, aweza kuwa tasa kisha akalaumiwa yeye. Huo ni udhalimu. Penisilini iliyotegemewa zamani imekwisha kushindwa na usugu wa vijidudu. Yafaa basi kila mgonjwa aende hospitali pamoja na mwenzake, na mwalimu auseme ukweli huu bila haya.